Wapiga Picha za Eksirei na Kuridhika Kazini

Mgonjwa aliyevunjika mfupa afikapo hospitali, mtu ampigaye picha ya eksirei kwa kawaida si daktari. Ni mtumishi wa kada ya kati, ajuaye namna ya kumlaza mgonjwa, kukadiria mionzi na kutambua picha isiyofaa. Picha ikisha kupigwa huenda kwa daktari, na mara nyingi mpigaji hasikii tena habari za mgonjwa yule. Mtumishi wa namna hii huridhishwa na nini?

Mwaka 1959 Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200. Walidai kuwa mambo yamkerayo mtu kazini si yale yale yamridhishayo. Mshahara mdogo, usimamizi mbaya na mazingira duni humkera. Yakirekebishwa, manung'uniko hupungua, basi. Kuridhika hutokana na kazi yenyewe: kuifanya vyema, kutambuliwa, kupewa dhamana. Nadharia hii ina wapinzani, kwa kuwa watu hupenda kujisifia mafanikio na kuwalaumu wengine kwa matatizo. Hata hivyo yafaa kuipima katika chumba cha eksirei.

Humo la kwanza ni usalama. Mionzi itawanyikayo kutoka kwa mgonjwa hupungua takriban kwa mraba wa umbali: asimamaye mita 2 hupata robo ya apatayo aliye mita 1, na aliye mita 3 hupata sehemu moja ya tisa. Aproni yenye madini ya risasi huipunguza zaidi. Beji ya kupimia mionzi haimkingi mtu; huhesabu tu. Kwa hiyo beji ikikusanywa pasipo mwenyewe kuambiwa matokeo, hofu hubaki pale pale. Kinga hizo ni haki yake, lakini hazimfanyi aipende kazi.

Huko Uingereza, kwa miaka mingi mpiga picha hakuruhusiwa kueleza alichokiona. Mwaka 1985 madaktari wa London walichapisha habari za utaratibu mwepesi: mpigaji aliyeona dalili ya mvunjiko alibandika kitone chekundu kwenye picha, ili daktari kijana wa zamu ya majeruhi aitazame kwa makini. Baadhi ya mivunjiko iliyowapita madaktari hao ilikuwa imekwisha kuonwa na wapiga picha. Kitone hakikuongeza mshahara. Kilikiri tu kwamba jicho la mpigaji nalo limefunzwa. Tangu miaka ya 1990 baadhi yao, baada ya masomo ya ziada, huandika taarifa za picha na kuzitia saini wenyewe.