Kuzamia kwa Mtungi wa Hewa: Je, Raha Inalingana na Gharama?

Somo hili linamhusu mlaji anayefikiria kulipia huduma ya kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa, iwe Mafia, Pemba, Unguja, Watamu au Diani. Huduma hii huuzwa kwa picha za kuvutia na bei moja iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa. Bei hiyo ni sehemu tu ya kile atakachokitoa mlaji, kwa kuwa hutoa pia muda wake, nguvu zake na, asipokuwa mwangalifu, afya yake. Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kufanya hesabu tatu, yaani ya fedha, ya juhudi na ya raha. Kisha aamue kama ajifunze kikamilifu, ajaribu mara moja, au abaki juu ya maji.

Kinachonunuliwa

Vifaa vya kuzamia vilipata umbo lake la kisasa mwaka 1943, pale Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walipobuni nchini Ufaransa kifaa kinachompa mzamiaji hewa kila anapovuta pumzi. Ndani ya mtungi wa mzamiaji wa kawaida mna hewa hii hii tunayoivuta, iliyoshindiliwa, wala si oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani.

Sokoni huduma hupatikana kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni kuelea juu ya maji kwa miwani na mrija wa kupumulia. Ya pili ni mzamio wa majaribio, ambapo asiye na cheti hushuka akiwa chini ya uangalizi wa karibu wa mkufunzi. Utaratibu wa kawaida hauruhusu kupita mita 12. Ya tatu ni kozi ya cheti cha awali, ambayo kwa kawaida huchukua siku tatu au nne na hujumuisha nadharia, mazoezi katika maji matulivu na mizamio minne baharini. Mwenye cheti hicho huruhusiwa kufika mita 18 akiwa na mwenzake.

Hesabu ya fedha

Kosa la walaji wengi ni kulinganisha bei za kozi peke yake. Kipimo cha haki ni gharama ya kila mzamio, baada ya kujumlisha kila kitu. Tuchukue mfano, ambao ni wa kujifunzia tu na si bei ya soko. Mtu analipa shilingi 1,200,000 kwa kozi, na shilingi 600,000 kwa nauli, malazi na uchunguzi wa daktari. Jumla ni shilingi 1,800,000. Akiishia kwenye mizamio minne ya kozi, kila mzamio umemgharimu shilingi 450,000. Lakini akizamia mara nyingine 16 katika miaka inayofuata, kila moja kwa shilingi 150,000, jumla itafika 4,200,000 kwa mizamio 20, yaani shilingi 210,000 kila mmoja.

Kwa hiyo swali la msingi si kama kozi ni ghali, bali ni mara ngapi utarudi majini. Cheti chenyewe hakina mwisho wa muda, ila mtu aliyekaa muda mrefu bila kuzamia hutakiwa kufanya mazoezi ya kujikumbusha, nayo hulipiwa. Anayeishi mbali na bahari, au anayejua kwamba safari hii ya pwani haitajirudia karibuni, atapata thamani kubwa zaidi kwa mzamio mmoja wa majaribio.

Kabla ya kulipa arubuni, omba orodha ya vilivyomo ndani ya bei: kukodi vifaa, boti, ada ya hifadhi ya bahari, vitabu vya mafunzo, cheti na kodi. Uliza pia kitatokea nini bahari ikichafuka. Usinunue vifaa vyako mapema. Miwani inayokaa vizuri usoni yatosha kwa kuanzia. Vingine vikodi mpaka uwe na hakika kwamba unaupenda mchezo huu.

Hesabu ya juhudi

Mzamio wa dakika 40 hula nusu ya siku. Kuna kuvaa suti ya mpira, kubeba mtungi na mkanda wa vyuma vya uzito, kukaa botini, kusubiri mkondo, kisha kuosha vifaa. Anayeshikwa na kichefuchefu baharini aliweke hilo kwenye mizani. Majira nayo hayana upendeleo: wakati wa kusi baadhi ya maeneo yaliyo wazi hayafikiki, na wakati wa bamvua mikondo huwa na nguvu zaidi kuliko wakati wa maji mafu.

Mwili pia hudaiwa. Kila mita 10 za kina huongeza kanieneo sawa na lile la angahewa lote lililo juu yetu. Masikio huanza kuuma katika mita chache za mwanzo, na mzamiaji hulazimika kuyasawazisha kwa kubana pua na kupuliza taratibu. Mwenye mafua hafai kushuka siku hiyo, hata kama amekwisha kulipa. Kozi nyingi hudai pia mwanafunzi aogelee mita 200 na aelee dakika 10 bila msaada.

Hewa nayo hupungua kwa kadiri ya kina. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 hubeba hewa ipatayo lita 2,400. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika, akiacha robo iwe akiba, angepumua dakika 90 juu ya maji. Katika mita 10 hewa hiyo hiyo itamtosha dakika 45, na katika mita 20 dakika 30 tu. Mwanafunzi mwenye wasiwasi huvuta pumzi haraka, hivyo muda wake huwa mfupi zaidi.

Hesabu ya raha

Raha ya kuzamia ni ya kweli, nayo haina budi kuhesabiwa. Mwili hupoteza uzito, kelele za juu hunyamaza, na mtu huweza kumtazama kasa akila au pweza akibadili rangi bila kukatizwa na haja ya kupanda kuvuta pumzi. Wapo waliopata humo utulivu ambao hawakuupata penginepo.

Hata hivyo, kina si kipimo cha thamani. Maji humeza rangi, nyekundu ikitangulia kutoweka, na matumbawe hustawi zaidi palipo na mwanga. Mengi ya kupendeza yamo katika mita chache za juu. Katika Mafia, ambako Hifadhi ya Bahari ilianzishwa mwaka 1995, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hula karibu na uso wa maji, na wageni humtazama kwa miwani na mrija tu katika miezi ya Oktoba hadi Februari. Asiyeipenda hali ya kubanwa na vifaa hajakosa bahari.

Zaidi ya hayo, raha haifuati bei. Aliyelipa kingi huona aibu kukiri kwamba hakufurahia, akaendelea kulipa. Fedha iliyokwisha kutumika isiwe hoja ya kutumia nyingine. Jiulize tu kama mzamio ujao, peke yake, unastahili gharama na usumbufu wake.

Pasipopaswa kupunguzwa gharama

Mlaji anaweza kuokoa fedha katika malazi, nauli na picha. Asiokoe katika haya yafuatayo.

Kwanza, afya. Jaza fomu ya afya kwa ukweli. Pumu, kifafa, maradhi ya moyo na mapafu huhitaji kauli ya daktari, na mjamzito hapaswi kuzamia. Mtoa huduma asiyetoa fomu hiyo kabisa ameshajieleza.

Pili, mkufunzi. Omba kuona cheti chake na uhakikishe ni hai. Uliza atakuwa na wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja.

Tatu, dharura. Hakikisha botini mna oksijeni ya huduma ya kwanza na njia ya mawasiliano, na uulize chumba cha tiba ya kanieneo kilicho karibu kiko wapi na kama kinafanya kazi.

Nne, muda wa kupanda. Mzamiaji asizuie pumzi kamwe, wala asipande kwa haraka, kwa kuwa hewa iliyo mapafuni hutanuka. Kwa sababu hiyo hiyo ya kanieneo, baada ya mizamio kadhaa subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Ratiba ya watalii inayoweka mzamio asubuhi na ndege jioni ikataliwe.

Haki ya mlaji

Bei na masharti yaandikwe, na stakabadhi itolewe. Kwa Mafia na Tanzania Bara kwa jumla, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mienendo ya kumpotosha mlaji. Zanzibar na Kenya zina sheria zao. Mlaji ana haki ya kusema hapana hata akiwa ameshavaa vifaa. Mtoa huduma mwema hatamshurutisha wala kumkejeli.

Maswali ya kujipima

1. Je, nitazamia mara ngapi katika miaka mitano ijayo, kwa makadirio ya kweli?
2. Nikigawanya gharama zote kwa idadi hiyo, kila mzamio unanigharimu kiasi gani?
3. Je, nimewahi kuelea kwa miwani na mrija, na nilifurahia?
4. Nimeandika nini kwenye fomu ya afya, na nimeficha nini?
5. Bahari ikichafuka, nitarudishiwa fedha au nitapangiwa siku nyingine?

Asiyeweza kujibu swali la kwanza na aanze na ngazi ya chini. Matumbawe yatamngoja.