Angalia Picha Kwanza, Mdogo Wangu

Msimu wa ubatizo na Krismasi ukikaribia, swali linalonijia ni lilelile: dada, mtoto ana miaka mitatu, nimnunulie Biblia gani ya picha? Najua mnataka nitaje jina la kitabu ili mkimbie dukani. Majina yatakuja. Kaa kwanza nikuambie unanunua nini.

Mtoto wa miaka mitatu hasomi maneno. Maneno unayasoma wewe, tena jioni umechoka, unaruka mistari. Yeye anaisoma picha. Ataweka kidole kwenye jicho la samaki wa Yona, atauliza kwa nini yule mtu hana viatu, kesho yake atakukumbusha ng'ombe alikuwa upande gani. Kwa hiyo mchoraji ndiye mwalimu wake wa kwanza wa dini, kabla ya mchungaji, kabla ya katekista, na samahani mdogo wangu, kabla yako. Ukifika dukani achana na sifa zilizoandikwa nyuma ya jalada. Fungua katikati, tazama nyuso.

Yesu akiwa na nywele za dhahabu na macho ya buluu, usishtuke, vitabu vingi viko hivyo. Geuza kurasa uone wabaya wamepakwa rangi gani. Wema wakiwa weupe, na askari, wezi na wachongezi wakiwa weusi, kirudishe kwenye rafu hata kama kimeshushwa bei. Yesu alikuwa Myahudi wa Galilaya; hakuwa Mzungu, na tuseme ukweli, hakuwa Msukuma pia. Ila kumchora kwa sura ya kwetu kuna faida yake. Kaskazini mwa Kameruni, miaka ya 1970, Wakristo wa kabila la Mafa waliigiza matukio ya Injili kijijini kwao, wakapigwa picha, na wachoraji wakachora kwa kufuata picha zile. Ndizo zinazoitwa Jesus Mafa. Naye Askofu Desmond Tutu alitoa Children of God Storybook Bible mwaka 2010, yenye michoro ya wasanii wa nchi mbalimbali, kila mmoja kwa mkono wake. Usiogope Kiingereza chake: fuata picha, simulia kwa Kiswahili chako. Mtoto akiuliza Yesu wa kweli ni yupi kati ya hao, mwambie hakuna aliyempiga picha.

Nina kipimo changu kingine: namtafuta Ebedmeleki. Yumo Yeremia sura ya 38, Mkushi aliyemtoa nabii kwenye shimo la matope kwa kamba, akamshushia na matambara ayaweke makwapani zisimchubue. Matope, kamba, matambara na mtu mwenye huruma: mtoto atake nini tena? Lakini wachoraji humruka. Kama kitabu chako hakina, chukua mwanasesere na kamba ya kuanikia nguo mcheze wenyewe.

Na Biblia yenyewe iwe pembeni yako, ulinganishe. Danieli huchorwa kijana mwenye misuli kati ya simba, wakati alipelekwa Babeli akiwa kijana na akafika tundu la simba zaidi ya miaka 60 baadaye. Mwambie mtoto huyu alikuwa mzee kama babu, uone macho yatakavyomtoka.

Sasa Nuhu, maana hapa ndipo wengi mnapokwama. Twiga katoa kichwa dirishani, tembo anacheka, upinde wa mvua juu, kila mtu ana furaha. Halafu mtoto anauliza: na wale watu wengine walienda wapi? Usibadilishe mada, wala usianze kumchorea maiti. Sema walikufa maji. Ongeza kilichomo Mwanzo sura ya 6, ambacho vitabu vingi hukiacha: Mungu alihuzunika moyoni kabla hata mvua haijaanza. Kisha nyamaza, muache aulize tena au aombe uji. Na kama mnakaa mabondeni, mtoto ameshaona maji ya mto Msimbazi yakiingia nyumba za watu, anaweza kudhani jirani zake walikuwa waovu. Mwambie waziwazi kuwa si hivyo. Upinde ule ni ahadi, hata kwa waliopoteza magodoro.

Vitabu vingine humaliza kila hadithi kwa agizo: nawe uwe jasiri, nawe uwe mtiifu. Mimi mstari huo siusomi. Sally Lloyd-Jones, katika The Jesus Storybook Bible ya mwaka 2007 iliyochorwa na Jago, amekwepa mtego huo kwa kuifanya kila hadithi imuelekee Yesu. Nakipenda, ingawa mara nyingine natamani angemuacha Daudi awe Daudi kidogo kabla ya kuondoka.

Msalaba usiuruke. Tafuta mchoro usio na damu nyingi, na usifunge kitabu Ijumaa Kuu ukamzimia mtoto taa. Soma palepale mpaka asubuhi ya Jumapili.

Wenye familia za dini mbili, hasa ninyi wa Tanga, Mombasa na Unguja: kama bibi wa mtoto ni Mwislamu, kumchora nabii kwake si jambo dogo. Usimwekee kitabu mezani kwake kama ushindi. Muombe yeye amsimulie mjukuu habari za Nabii Nuhu na Nabii Yunus kwa mdomo. Atazijua vizuri kuliko wewe, na mtoto atasikia mambo ambayo kwenye kitabu chako hayamo.

Kuhusu pesa, aliye chini ya miaka mitatu mnunulie kurasa ngumu, maana pembe zitaliwa. Vya mtumba navyo ni sawa, hesabu tu kurasa zisiwe pungufu. Na akitaka Goliathi wiki nzima, msomee Goliathi wiki nzima. Kichwa kilikatwa, ndiyo, kipo 1 Samweli 17. Kama mchoraji amekiacha, usiharakishe kukiongeza wewe saa mbili usiku.