Saa ya Mkononi Inapokupa Alama Chache

Mwezi wa kwanza wa mazoezi, kilima cha kuelekea milima ya Mbizi, hapa Sumbawanga, kilipandisha mapigo ya moyo wako hadi, tuseme, 150 kwa dakika, na saa ikakuandikia kalori nyingi. Mwezi wa tatu unakipanda kwa mwendo uleule, mapigo yanaishia 130 na kalori zimepungua. Wengi hapo hudhani wamezembea, wengine huilaumu saa. Kumbe moyo umeimarika: kila pigo linasukuma damu nyingi zaidi, hivyo hauna haja ya kudunda mara nyingi. Kalori zenyewe saa hukisia tu, kwa kutazama mapigo, umri na uzito. Mapigo yakishuka, makisio nayo hushuka.

Ukitaka namba moja ya kufuatilia, chukua mapigo ya asubuhi kabla hujainuka kitandani. Watu wazima wengi huwa kati ya 60 na 100. Waliozoea mazoezi huweza kuwa chini ya 60 na wakawa wazima kabisa. Linganisha wiki na wiki, si leo na jana. Asiye na saa aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ahesabu kwa sekunde 30, kisha azidishe mara mbili.

Mwinuko na joto navyo hubadilisha mapigo. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shemeji akija kutoka Dar es Salaam, mapigo yake yatakuwa juu siku za mwanzo kwa sababu huku kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Msishindane naye wiki hiyo. Nawe ukiteremka bondeni Muze, oksijeni huongezeka, lakini joto la bonde hupandisha mapigo, maana damu nyingi huenda kwenye ngozi kuupoza mwili.

Baridi ya Juni na Julai nayo huidanganya saa. Ngozi ikipoa, damu hupungua hapo, na ile taa ya kijani iliyo chini ya saa, inayosoma mapigo kwenye damu, hukosa cha kusoma. Pasha mwili kwanza, kisha ivae juu kidogo ya kifundo, iwe imekaza bila kuumiza. Hatua nazo saa huzikosea: mama aliyeshika ndoo kichwani hapungi mkono, kwa hiyo hatua zake nyingi hazihesabiwi. Hilo ni kosa la saa. Kazi ya mama ni mazoezi halali.

Mapigo ya asubuhi yakipanda ghafla na kubaki juu kwa siku kadhaa, fikiria usingizi, maji, upungufu wa damu, ujauzito au ugonjwa. Ukiwa na homa, nenda zahanati ukapime malaria siku hiyohiyo, hata kama saa haioni tatizo. Maumivu ya kifua au kuzimia ni safari ya hospitali mara moja. Anayetumia dawa ya presha kama atenolol atakuwa na mapigo ya chini kwa sababu ya dawa, hata bila mazoezi. Amuulize mhudumu wa afya kiwango kinachomfaa, wala asiiache dawa ili saa ionyeshe namba nyingine.