Kiharusi, Damu Kuvuja Kichwani na Kumbukumbu ya Wazee

Katika kaya nyingi za Rungwe, mzee anapouliza swali lilelile mara tatu kabla chai haijapoa, jibu huwa tayari midomoni mwa watu: ni uzee tu. Jibu hilo ni jepesi, na mara nyingi si sahihi. Uzee hupunguza kasi ya kukumbuka, lakini haumfanyi mtu apotee njia ya shambani aliyoipita kwa miaka arobaini, wala asahau jina la mtoto aliyemzaa. Hali ya namna hiyo ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao wataalamu huuita dimensia. Mojawapo ya milango yake mikubwa ni kiharusi, na kiharusi ni maradhi yanayoweza kuzuiwa kwa kiasi kikubwa.

Ili kuuelewa uhusiano huo, mkazi wa Tukuyu, Kiwira au Masoko afikirie mfumo wa maji ya bomba unaotoka chanzoni mlimani. Bomba laweza kuharibika kwa njia mbili. Laweza kuziba, na nyumba zote zilizo mbele ya kizuizi zikakosa maji. Au laweza kupasuka. Hapo maji hufurika, hudidimiza udongo jirani, na bado nyumba za mbele hukauka. Mishipa ya damu ya ubongo huharibika kwa namna hizo mbili. Ikizibwa na damu iliyoganda, sehemu ya ubongo hukosa hewa safi na chakula. Ikipasuka, damu humwagika ndani ya ubongo na kuukandamiza. Yote mawili huitwa kiharusi. Kile cha kuziba ndicho hutokea mara nyingi zaidi duniani, ila katika nchi za Afrika sehemu ya viharusi vya damu kuvuja ni kubwa kuliko katika nchi tajiri, na ndivyo huua kwa haraka zaidi.

Sababu kubwa ya kupasuka ni shinikizo la damu lililo juu kwa miaka bila kutibiwa. Rais wa Marekani, Franklin Roosevelt, alifariki tarehe 12 Aprili 1945 kwa damu kuvuja kichwani, akiwa na umri wa miaka 63. Muda mfupi kabla ya kuzimia alilalamika kuumwa kichwa vibaya, na shinikizo lake lilipimwa likawa 300 kwa 190. Madaktari wake walikuwa wamejua kwa muda kwamba shinikizo lilikuwa juu, lakini dawa za kulishusha hazikuwapo enzi zile, hata kwa mkuu wa dola. Vidonge ambavyo Roosevelt hakuvipata leo ni dawa za kawaida kabisa, na kipimo ni cha dakika chache. Shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi, likirudiwa kupimwa na kubaki hapo, linahitaji ushauri wa mtaalamu hata kama mtu hajisikii kuumwa popote. Wengi hawajisikii kuumwa, na hapo ndipo penye hatari.

Kwa Tanzania, ushahidi bora zaidi umetoka wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, mahali ambapo mkazi wa Rungwe angejiona yuko nyumbani: miteremko ya mlima, migomba, kahawa na ng'ombe wa maziwa. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliandikisha kila kiharusi kilichotokea katika maeneo ya Hai na ya jiji la Dar es Salaam, wakahesabu jumla ya 636. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na viharusi vipya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam takriban 316. Viwango hivyo havikuwa vidogo, na kile cha Dar es Salaam kilizidi viwango vya nchi nyingi zilizoendelea. Mwaka 2010, katika vijiji sita vya wilaya hiyohiyo ya Hai, wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa kumbukumbu, na ikaonekana kwamba takriban 6 kati ya kila 100 walikuwa na dimensia. Ile iliyotokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ilikuwa sehemu kubwa, ikifuata nyuma ya ugonjwa wa Alzheimer.

Jambo moja katika tafiti za Hai lingeweza kumshangaza mtu wa mjini. Watu walipoulizwa chanzo cha kiharusi, wakazi wa Dar es Salaam ndio waliotaja zaidi mashetani na uchawi, ilhali wanavijiji wa Hai walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo. Elimu ya afya, kumbe, haifuati lami.

Kiharusi huleta dimensia kwa njia zaidi ya moja. Iliyo wazi ni ile ya kiharusi kikubwa: sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu au kupanga mambo hufa siku hiyohiyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi za kimataifa uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mgonjwa 1 kati ya 10 hupata dimensia muda mfupi baada ya kiharusi cha kwanza. Kiharusi kikijirudia, idadi hupanda na kuvuka theluthi moja. Tofauti hiyo ndiyo inayostahili kukaririwa majumbani. Mtu aliyenusurika kiharusi cha kwanza bado ana kumbukumbu ya kuokoa, na huokolewa kwa kuzuia cha pili.

Njia ya kimyakimya ni ya mishipa midogo sana, myembamba kama uzi. Shinikizo huifanya ikakamae, izibe au ivujishe matone ya damu ambayo hayamwangushi mtu wala kumpindisha mdomo. Familia haioni kitu. Baada ya miaka mzee huanza kutembea kwa hatua fupi, kuchelewa kuelewa, kukasirika bila sababu, na kushindwa kuhesabu chenji ya ndizi alizouza. Mara nyingi hali hushuka kama ngazi: hutulia miezi kadhaa, kisha huporomoka ghafla, kisha hutulia tena. Ipo pia protini iitwayo amiloidi, ambayo hurundikana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer na huweza kujipaka katika kuta za mishipa, ikaifanya iwe dhaifu na kupasuka. Kwa hiyo uhusiano huenda pande zote mbili: damu kuvuja huharibu kumbukumbu, na ugonjwa wa kumbukumbu nao huweza kuandaa damu kuvuja.

Hata hivyo, si kila mzee aliyechanganyikiwa amepoteza akili moja kwa moja, na hapa kila kaya ya wilaya hii yenye mvua nyingi na njia za utelezi inapaswa kusoma kwa makini. Chukua mfano wa bibi aliyeteleza akitoka kuchota maji, akagonga kichwa, akainuka na kuendelea na kazi. Hakuna jeraha la kutisha. Wiki tatu au nne baadaye anaanza kusinzia mchana, kichwa kinamuuma, anachanganya majina, mguu mmoja unaburuta. Watoto wanasema mama amezeeka ghafla. Jirani mwenye ulimi mrefu anasema amerogwa, au kwamba yeye ndiye mchawi na sasa yanamrudia. Inawezekana kabisa kwamba damu imekuwa ikivuja polepole kati ya fuvu na ubongo tangu siku ile ya kuteleza. Ubongo wa mzee husinyaa kidogo na kuacha nafasi, hivyo damu hujikusanya taratibu bila kelele. Damu hiyo huonekana kwa kipimo cha CT Scan, na mara nyingi daktari wa upasuaji huiondoa kupitia tundu dogo kwenye fuvu. Wagonjwa wengi hurejewa na fahamu zao. Akiachwa nyumbani kwa jina la uzee, anaweza kufa kwa ugonjwa uliokuwa na tiba. Waliowahi kuanguka kutoka kwenye bodaboda, na wanaotumia pombe kwa wingi, wako katika hatari hiyohiyo.

Kiharusi cha ghafla kina dalili zake: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kuishiwa nguvu, kauli kukatika au kuwa ya kigugumizi, kuona giza, au kuumwa kichwa kwa namna ambayo mtu hajawahi kuumwa. Mgonjwa apelekwe mara moja Hospitali ya Wilaya Makandana, Hospitali ya Igogwe au kituo cha afya kilicho karibu, hata kama dalili zimepungua njiani. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko jijini Mbeya, yapata kilomita 70 kutoka Tukuyu, na kila saa inayopotea ni sehemu ya ubongo inayopotea. Asipewe chai wala uji, kwa sababu koo lake laweza kuwa limepooza na chakula kikaingia mapafuni. Asipewe aspirini nyumbani. Dawa hiyo husaidia pale mshipa ulipoziba, lakini pale ulipopasuka huongeza kuvuja, na hakuna jicho la mtu, hata la mganga mzoefu, linaloweza kutofautisha aina hizo mbili bila kipimo.

Kwa wanaotumia dawa za shinikizo, kosa linalojirudia ni kuziacha siku wanapojisikia vizuri. Kwa mzee aliyeanza kusahau tatizo ni kubwa zaidi: anasahau kidonge kwa sababu ya ubongo, na ubongo unazidi kuumia kwa sababu ya kidonge kilichosahaulika. Kidonge kisiachwe mikononi mwake peke yake. Mjukuu mmoja wa nyumbani apewe kazi hiyo kwa jina, saa moja maalumu kila siku, na akihama apewe mwingine. Chumvi ya kuongeza mezani iondolewe, sigara iachwe.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka msingi wa wazee wasiojiweza, wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, kutibiwa bila malipo. Familia ambayo mzee wake bado hajatambuliwa imwone ofisa mtendaji wa kijiji au wa kata. Siku ya kliniki, anayemsindikiza mzee abebe vidonge vyote anavyotumia, pamoja na vile vya dukani na vya miti shamba, na amweleze tabibu bila kuulizwa kama mzee aliwahi kuanguka katika miezi mitatu iliyopita.