Lesoni ya 8: Ushuhuda wa Kweli Juu ya Jirani

SABATO MCHANA

Mafungu ya juma hili: Kut. 20:16, Luka 10:25–37, Luka 4:24–30, Mdo 17:16–34, Mt. 5:21–24, Rum. 14:13–19, Mwa. 21:8–21, Mwa. 25:9, 1 Pet. 3:15, 16.

Fungu la kukariri: Kutoka 20:16. Lisome katika Biblia yako, likariri, kisha lirudie kila siku ya juma hili ukimtaja jirani mmoja kwa jina.

Miaka kadhaa iliyopita niliwaandikia vijana igizo la juma la maombi. Lilihusu wachimbaji wa dhahabu waliodhulumiana. Mlaghai wa igizo, yule aliyepunja mizani, nilimvika kanzu na kofia. Watu walicheka sana. Baada ya ombi la kufunga nilimkuta mlangoni mzee mmoja Mwislamu, jirani wa kanisa, ambaye sisi wenyewe tulimwalika. Alinipa mkono, akasema, "Mwalimu, mmetupokea vizuri. Ila yule mtu mliyemwonyesha, mimi simfahamu." Jioni zilizofuata hakurudi.

Sikuwa nimemtaja mtu yeyote. Hata hivyo nilikuwa nimemshuhudia uongo jirani yangu, tena ndani ya nyumba ya Mungu. Juma hili tutajifunza kwamba kumpenda jirani wa imani nyingine huanza na jambo dogo: kusimulia habari zake kwa kweli.

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI: Msimulizi wa Nazareti

Soma Luka 10:25–37. Kwa nini Yesu alimchagua Msamaria kuwa mtenda mema wa hadithi hii?

Mwanasheria aliuliza jirani yake ni nani. Yesu angeweza kumjibu kwa sentensi moja. Badala yake alisimulia kisa, na mtu aliyefanya mapenzi ya Mungu ndani ya kisa hicho ni yule ambaye wasikilizaji walizoea kumsema vibaya. Kuhani na Mlawi walipita kando. Msamaria alisimama, akafunga majeraha, akalipa gharama.

Angalia kwamba Yesu hakusema dini ya Wasamaria ni sahihi. Alipozungumza na mwanamke kisimani alimwambia waziwazi kwamba wokovu watoka kwa Wayahudi (Yohana 4:22). Lakini kutofautiana katika mafundisho hakukumzuia kusema kweli juu ya wema wa Msamaria.

Soma Luka 4:24–30. Katika sinagogi la kwao Yesu aliwakumbusha watu mjane wa Sarepta na Naamani Mshami, wageni wawili waliopokea neema ya Mungu. Watu wa Nazareti walikasirika hata wakataka kumtupa chini kutoka ukingo wa kilima. Kumsemea mema mtu wa nje mbele ya watu wa ndani kuna gharama, na Bwana wetu aliilipa.

*Ni lini mara ya mwisho uliposimulia kanisani jambo jema lililotendwa na Mwislamu? Kama hukumbuki, ni kwa sababu gani?*

JUMATATU: Mkono Uliotusaidia

Biblia ya Kiswahili uliyoishika ina historia. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia katika lugha alikuwa kadhi wa Kiislamu, Ali bin Muhiddin. Mwezi Julai Krapf alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Aliendelea na kazi akiwa mgeni na mfiwa, kati ya watu wasio wa imani yake.

Tafakari jambo hili. Hatua za kwanza za Neno la Mungu kuingia katika lugha yetu zilipigwa pamoja na Mwislamu. Hata maneno tunayoyatumia tukiomba, kama *imani*, *dhambi*, *sala* na *baraka*, yana asili ya Kiarabu na yalikuwa vinywani mwa Waswahili Waislamu kabla hatujayapokea sisi.

Soma Mithali 3:27 na Warumi 13:7, 8. Mafungu haya yanatufundisha nini juu ya kumpa mtu haki yake?

Kukiri deni hakupunguzi imani yetu. Mtu anayeficha msaada aliopewa anasema uongo kwa kunyamaza.

JUMANNE: Kalamu ya Mkristo

Soma Matendo 17:16–34. Paulo alitumia nini kutoka kwa Waathene wenyewe ili kuwaeleza habari za Mungu?

Roho ya Paulo ilichukizwa na sanamu za Athene, lakini alipofungua kinywa hakuwatukana. Alikuwa ameutembelea mji na kuuangalia kwa makini. Alikuwa amewasikiliza washairi wao, akalitumia neno lao (mst. 28). Kisha hakuificha kweli: alihubiri toba, hukumu na ufufuo.

Hapa Tanzania tunao mfano wa mwandishi Mkristo aliyejifunza kwa jirani zake. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliyefariki mwaka 1969, alikuwa Mkristo wa Kanisa Katoliki. Aliandika historia ya Wagogo, hadithi iitwayo *Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili*, na mashairi mengi. Alipotaka kusimulia Injili na Zaburi kwa ushairi, alichagua utenzi, utungo ambao washairi Waislamu wa pwani walikuwa wameutumia kwa muda mrefu kusimulia habari za dini yao. Kanuni za ushairi za wakati wake ziliandikwa katika kitabu na Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mwaka 1954. Mkristo na Waislamu walikutana katika kazi ya lugha, na kila mmoja alibaki na imani yake.

Mnyampala anakumbukwa pia kwa kuanzisha ngonjera. Katika ngonjera pande mbili hubishana, lakini kila upande husikilizwa, na mwisho hufika kwenye mapatano. Linganisha na mihadhara ya sokoni, ambako kipaza sauti hutumika kumwaibisha mwenzako mbele ya watu. Watu hushangilia, kisha jioni jirani hawasalimiani.

*Unapoandika igizo, wimbo au ujumbe wa simu kuhusu Waislamu, je, jirani yako Mwislamu akiusoma atajitambua ndani yake?*

JUMATANO: Kabla ya Panga

Soma Mathayo 5:21–24. Yesu anaunganishaje uuaji na maneno ya dharau?

Somo hili kwetu Shinyanga na Geita lina uzito. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mabishano juu ya nani achinje mnyama wa kitoweo yaligeuka kuwa vurugu, na mchungaji mmoja Mkristo akauawa. Mke alibaki bila mume, na kundi bila mchungaji. Kilio cha namna hiyo hatupaswi kukisahau, wala hatupaswi kukigeuza kuwa silaha dhidi ya kila avaaye kofia. Anayeua atajibu kwa tendo lake. Jirani ambaye hakuwepo asibebeshwe damu hiyo.

Yesu anatuonyesha kwamba amri ya sita huanza kuvunjwa mdomoni. Kabla mtu hajainua panga, mara nyingi amekwisha kusikia maneno haya: "Hawa watu ndivyo walivyo." Sentensi hiyo ni ushuhuda wa uongo, hata kama aliyeisema ni mzee wa kanisa.

Soma Warumi 14:13–19. Paulo aliwaandikia waumini waliogombana juu ya chakula. Mashauri yake yanatufaa hata nje ya kanisa: tufuate mambo ya amani. Waadventista na Waislamu hatuli nguruwe, na sote tunafundishwa kuacha pombe. Katika sherehe ya arusi au msiba, meza yetu inaweza kuwa mahali ambapo jirani Mwislamu anakaa bila wasiwasi. Hiyo ni nafasi ambayo Mungu ametupa.

ALHAMISI: Wana Wawili Kaburini

Soma Mwanzo 21:8–21 na Mwanzo 25:9. Mungu alimtendea nini Ishmaeli? Nani walimzika Ibrahimu?

Ahadi ya agano ilipitia kwa Isaka, na Biblia haifichi hilo. Lakini Biblia hiyohiyo inatunza habari za Ishmaeli kwa upole. Mungu alisikia sauti ya kijana jangwani, akamwonyesha Hajiri kisima, akawa pamoja na kijana huyo. Na Ibrahimu alipokufa, wana wote wawili walimzika katika pango la Makpela. Mwandishi wa Mwanzo angeweza kumtaja Isaka peke yake. Roho wa Mungu hakutaka Ishmaeli afutwe.

Soma 1 Petro 3:15, 16. Tumeitwa kuwa tayari kueleza tumaini lililo ndani yetu. Upendo unaoficha jina la Yesu haujakamilika. Lakini Petro anaonyesha namna ya kueleza: kwa upole na hofu, tukiwa na dhamiri njema. Dhamiri njema haiwezi kukaa pamoja na hadithi za uongo kuhusu yule unayetaka kumleta kwa Kristo.

Baada ya igizo lile, ilinichukua siku tatu kwenda nyumbani kwa yule mzee. Nilimwomba radhi. Alinikaribisha chai, akaniuliza habari za watoto, kisha akaniuliza kwa nini tunashika Sabato. Igizo langu halikumfanya aulize.

IJUMAA

Kwa kujifunza zaidi: Soma sura ya 54, juu ya Msamaria Mwema, katika kitabu cha Ellen G. White *Tumaini la Vizazi Vyote*.

Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji waliofukiwa na kifusi waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Mchimbaji anayesikia sauti chini ya ardhi haulizi kwanza ni ya Mkristo au ya Mwislamu. Anachimba. Tukumbuke hilo tukiwa juu ya ardhi pia, tunaponyoosheana vidole.

Maswali ya kujadili:

1. Kama darasa, tajeni maneno yanayosemwa sana mtaani kwenu kuhusu Waislamu. Yapi mmeyahakikisha, na yapi mmeyarithi tu?

2. Kuna tofauti gani kati ya kukosoa fundisho na kumdhihaki mwenye fundisho hilo?

3. Kanisa lenu likiandaa igizo la wageni, nani alisome kwanza? Mngekuwa tayari kumpa jirani Mwislamu alisome na kulibadilisha pale aliposema, "Huyu simfahamu"?

4. Kabla ya Sabato ijayo, kila mmoja amtembelee jirani mmoja wa imani nyingine. Msikilize zaidi ya unavyosema. Ukirudi darasani, simulia alichokuambia kwa namna ambayo angekubali mwenyewe.