Kupiga Kambi Jangwani

Bonde la Suguta liko kaskazini mwa Kenya, kusini mwa Ziwa Turkana. Ni jangwa lenye joto kali. Maji ya Ziwa Logipi, lililomo bondeni humo, ni ya chumvi. Kwa hiyo mpiga kambi huchukua maji yake. Jioni, mchanga laini wa mto mkavu utakuvutia. Usilale hapo! Mvua ikinyesha milimani, mbali nawe, ardhi ngumu isiyo na majani haiwahi kuyanyonya maji yote. Maji hayo hutiririka kwa kasi na kuujaza mto ghafula, hata kama juu yako nyota zinang'aa. Tandika mkeka wako mahali palipoinuka.

Jaribio: Mwaga kikombe cha maji juu ya mteremko mtupu, na kingine juu ya mteremko wenye majani. Maji yametiririka zaidi wapi?