Mbwa wa Kuwinda na Sungura Shamba Moja: Usitegemee Upole, Tegemea Wavu

Vijana wengi wanaofuga sungura kibiashara huniuliza hivi: "Afisa, mbwa wangu wa ulinzi ana asili ya kuwinda. Anaweza kuishi na sungura?" Jibu ni ndiyo, wanaweza kukaa shamba moja, ila kila mmoja awe na upande wake. Twende hatua kwa hatua.

1. Mfahamu mbwa wako

Beagle alizalishwa kwa kazi ya kufuata harufu ya sungura pori. Greyhound anawinda kwa macho na mbio. Hata hawa wa kwetu wa kienyeji, wengi bado wanatumika kuwinda. Mbwa wa aina hii kazi yake ina mpangilio: ananusa, anakaza macho, ananyatia, anakimbiza, anakamata. Huo siyo ukorofi, ni asili. Mafunzo yanamtuliza ukiwepo, lakini hayaifuti. Mbwa anaweza kulala karibu na banda mwaka mzima bila shida, halafu siku sungura akichoropoka na kukimbia, mambo yakabadilika hapo hapo. Ile mbio ndiyo inayomwamsha.

2. Hasara inaanza kabla ya kung'ata

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Sungura ni mnyama wa kuliwa na wengine, kwa hiyo hofu peke yake inamuumiza. Akishtuka anaruka na kurusha miguu ya nyuma kwa nguvu, na anaweza kuvunjika uti wa mgongo akiwa ndani ya kizimba. Jike mwenye mimba anaweza kuitoa. Aliyezaa anaweza kuwakanyaga vitoto au kuwala. Mimba ya sungura ni takriban siku 31, kwa hiyo usiku mmoja wa mbwa kuzunguka banda akibweka unaweza kukufutia mwezi mzima wa chakula na kazi. Na mbwa hajagusa hata unyoya!

3. Jenga vizuizi viwili

Kizuizi cha kwanza ni kizimba chenyewe. Wavu mwepesi wa kuku haufai, mbwa anauchana. Tumia wavu mgumu wa chuma uliochomelewa, na komeo ambalo pua au kucha haiwezi kulifungua.

Kizuizi cha pili ni uzio kuzunguka banda, angalau mita 1 kutoka kwenye vizimba. Usiuruke huu. Kama sakafu ya kizimba ni ya wavu, mbwa anaweza kuingia chini na kung'ata miguu ya sungura. Fukia wavu wa uzio futi 1 ardhini asichimbe, na uwe mrefu kiasi kwamba hawezi kuuruka.

4. Mzoeshe mbwa taratibu

Anza akiwa ameshakula na amefanya mazoezi. Mfunge kamba, simama mbali na uzio, mwite jina. Akigeuka kukutazama, mpe kipande cha chakula. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, mara mbili kwa siku. Sogea karibu kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa.

Angalia dalili: mwili umekakamaa, macho hayabanduki, anatetemeka, haitiki wala hataki chakula. Hapo umesogea mno, rudi nyuma. Usidanganywe na mkia kutikisika, hata mbwa anayewinda hutikisa mkia. Usimpige, na usimpelekee sungura puani eti wazoeane. Na kamwe usiwaache pamoja bila mtu, hata kwa dakika moja.

5. Kuna adui mwingine: tegu

Ukichinja sungura, usimtupie mbwa matumbo au ini bichi. Kwanza unamfundisha ladha. Pili, kuna tegu anayezunguka kati yao: mbwa akila viungo vyenye vifuko vya tegu anapata mnyoo, mayai yanatoka na kinyesi, yanashika kwenye majani, na sungura anakula. Ini linaharibika, na mnunuzi akiliona analikataa. Mpe mbwa dawa inayoua tegu kila baada ya miezi 3, usikate majani ya sungura mahali mbwa anapojisaidia, na chanjo ya kichaa cha mbwa usiikose.

6. Ajali ikitokea

Hata jeraha dogo la jino ni la daktari wa mifugo, tena siku hiyo hiyo, maana mdomo wa mbwa una vijidudu vingi. Kama hakuna jeraha, mweke sungura mahali tulivu penye giza, na uangalie kama anakula. Sungura asiyekula kwa saa 12 yuko hatarini.

Leo jioni pita bandani. Tikisa kila komeo, sukuma kila kona ya wavu, chungulia chini ya vizimba. Palipolegea, mbwa atapajua kabla yako. Rekebisha leo.